Kastabini

Shimo lilikuwa na umbo kamili la pasi,
ncha mbele, kisigino nyuma,
katikati ya satini nyeupe ya Mideva
aliyebakiza siku mbili aolewe.
Harufu ndiyo iliyoniita. Macho yalikuwa safarini.

Nilikuwa harusini, ukitaka kujua.
Harusi ya watu nisiowajua, mji nisioujua,
bibi harusi akishuka ngazi za kioo,
shela ikimfuata kama maziwa yaliyomwagika,
nami, Jahenda, fundi wa baraza la pili
ukitoka stendi ya Chavakali,
nimeegemea pasi ya makaa
nikimhesabia mgeni shanga zake.

Nilisema: hii moja tu.
Nilisema hivyo asubuhi, chai ikifanya utando.
Nilisema hivyo usiku, bando la bei rahisi likianza
saa ambayo watu wazima wamelala,
nikaamka macho kama yamepakwa chaki ya kukatia,
nikashona mkono wa kushoto upande wa kulia,
nikamwambia mwenye koti: stima zilipotea.
Cherehani yangu ni ya kukanyaga.

Kastabini naivaa kidole cha kati.
Mama alinifunza: sindano haina urafiki.
Hakuna aliyenipimia ya kidole gumba.
Hicho nimekiacha uchi miaka mitatu
kikipanda, kikipanda, kikipanda
ukuta usio na paa.

Huko juu wamo mafundi ambao taa zao hazina nzi.
Niliwapelekea gauni langu moja, la zambarau, la Mama Endoshi.
Likapata mioyo minne.
Mmoja ulikuwa wangu.
Gauni nililolipenda Jumatatu
Jumanne nililiona tambara.

Kavosa wangu ana miaka saba.
Amezoea kuzungumza na utosi wangu.
Juzi alisimama mlangoni, pindo la sare limefumuka
tangu shule zifunguliwe,
akauliza kwa adabu, kama mteja:
"Mama, niseme sasa au ningoje iishe?"
Haiishi, mwanangu. Ndivyo ilivyoshonwa.
Lakini hilo sikumjibu. Nilisema: mm.

Basi, shimo.
Moshi bado unapanda,
na mkono wangu haukukimbilia maji,
haukupunga kumwita jirani.
Ulisogeza satini penye mwanga
ili shimo litoke vizuri pichani.
Hapo niliogopa. Niliuogopa mkono wangu
kama unavyomwogopa mbwa wako
siku anapokugeukia.

Nikaitumbukiza simu ndani ya kopo la vifungo, nikafunika.
Mideva akaja. Akatazama.
Akalipiga picha kwanza,
ndipo akalia.

Kufikia magharibi watu elfu tisa walikuwa wamenicheka.
Sifa niliyoikesha miaka mitatu
ilikuja usiku mmoja, kwa mlango wa nyuma,
na kopo likatetemeka hadi alfajiri,
vifungo vikigongana kama meno ya mwenye homa.

Nilikata mkia wa gauni kwa shubiri moja,
nikakunja ua, petali kwa petali,
nikaliketisha juu ya aibu yangu.
Jumamosi Mideva aliolewa.
Mvua ilinyesha saa nane, kama desturi ya huku,
ikipiga yale majabali ya Maragoli mpaka yakang'aa.
Ua lilikaa kombo kidogo.
Nadhani mimi pekee niliyeliona.

Kopo nililifungua Jumapili, sitadanganya.
Kidole kiliniwasha tangu kanisani.
Nikasoma matusi kumi na saba, nikafunga.
Jana niliyasoma tena.

Leo nashona pindo la Kavosa, yeye ndani yake,
amesimama juu ya kiti akizunguka polepole.
Ananisimulia mwenzake aliyemeza jino,
jinsi darasa zima lilivyongoja,
jinsi mwalimu alivyo...
Ananyamaza. Anainama kuitazama mikono yangu,
wa kulia, halafu wa kushoto.

"Endelea," namwambia, "nasikia."

Anangoja kidogo bado.